Samaki wa dimbwi la mwaloni

Mkoani Geita neno mwalo lina maana mbili. Ukiwa Nkome au Chato, mwalo ni pale mitumbwi inapofikia na kushusha dagaa na sangara. Ukiwa Rwamagasa, ambako wengi huandika Lwamgasa, mwalo ni pale mawe ya dhahabu yanaposagwa, yanapooshwa na kuchenjuliwa. Katoro inakula kwa mialo yote miwili. Sokoni, beseni la dagaa liko hatua chache kutoka kwa mtu anayepima dhahabu kwa mizani ya kiganjani, na mteja huyohuyo huuza hapa akanunua pale.

Mialo hiyo miwili inakutana ndani ya dimbwi dogo la maji lililo jirani na karasha, ile mashine ya kusagia mawe, dimbwi lenye samaki. Tunachosema leo ni hiki: madimbwi hayo yapimwe, na mpaka yapimwe, samaki wake wasiliwe.

Ukisimama ukingoni huwezi kudhani kuna ubaya. Lilianza kama shimo la kupatia maji ya kuoshea mchanga, au duara, yaani shimo la uchimbaji, lililoachwa likajaa mvua. Baada ya misimu miwili mitatu limekuwa na wenyewe. Matete yameota upande mmoja, mayungiyungi yametandaza majani, kereng'ende wanakimbizana juu ya maji, na mdiria ametulia kwenye kijiti akivizia. Maji yakitulia utaona chini vishimo vya duara kama sahani, vimepangwa karibu karibu. Ni viota vya perege, ambao wengi wetu huku tunawaita sato tu. Dume ndiye anayechimba na kulinda. Jike hutaga, kisha hubeba mayai na vitoto mdomoni mpaka waweze kujitegemea. Kambare naye hupanda juu mara kwa mara kuvuta hewa, maana anaweza kuishi kwenye maji mazito ambayo samaki wengine yangewashinda. Ukikaa zaidi utamwona kijana na ndoano yake, kopo la minyoo pembeni, na samaki watatu wanne wametungwa kwenye ujani.

Mita chache kutoka hapo kuna mbao zilizoinamishwa, zimetandikwa magunia, zinazonasa mchanga mzito wenye dhahabu. Mchanga huo unakung'utwa kwenye karai, zebaki inamiminwa, na mtu anauchanganya kwa mikono mitupu mpaka zebaki ishikamane na dhahabu. Maji ya karai yanamwagwa kwenye shimo. Shimo likijaa linafurika. Maji hayapandi mlima. Yanafuata mteremko hadi dimbwini.

Zebaki hiyo ya karai, ile inayong'aa na kuteleza, siyo hasa inayoingia kwa samaki. Inazama kwenye tope. Chini kabisa, ambako majani yanaoza na hewa ya oksijeni haifiki, wanaishi bakteria wasioonekana kwa macho. Hao ndio wanaoigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, ambayo viumbe hai huifyonza kwa urahisi na huchelewa sana kuitoa mwilini. Mwani huichukua kidogo. Vijidudu vinavyokula mwani hukusanya ya mwani mwingi. Samaki mdogo hukusanya ya vijidudu vingi, na samaki mkubwa ya samaki wadogo wengi. Kila ngazi ya ulaji inaongeza. Mwisho wa ngazi hiyo kuna sahani ya ugali.

Samaki mwenye sumu hiyo hanuki tofauti, wala nyama yake haibadiliki rangi. Kumkaanga hakuondoi kitu. Kumbanika, kumkausha juani na kumchemsha kwa muda mrefu hakusaidii pia, kwa sababu zebaki imeshikana na nyama yenyewe. Na anayeumia zaidi ni yule ambaye bado hajazaliwa, maana zebaki ya methili hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto tumboni na kuharibu ubongo unaojengeka. Dunia ilijifunza hilo kule Minamata, Japani, ambako mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ulitambuliwa rasmi miongoni mwa familia za wavuvi waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa maji machafu ya kiwanda. Paka waliokula samaki hao nao walikuwa wakizunguka kama wamelewa, kisha wanakufa.

Kwetu utafiti umeshafanyika, na si jana. Mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilianzisha mradi wa zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwa mojawapo, na eneo lililochaguliwa hapa nchini lilikuwa Rwamagasa. Matokeo ya upande wa mazingira yalichapishwa mwaka 2005. Yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu yana habari njema na habari mbaya, na watu wengi wamesikia nusu tu.

Habari njema ni kwamba samaki wa Ziwa Victoria waliopimwa eneo la ghuba ya Nungwe, na wale wa mto Nikonga zaidi ya kilomita 25 chini ya Rwamagasa, kwa jumla walikuwa na zebaki ndogo, chini ya kiwango kinachokubalika katika biashara ya samaki wa kuuza nje. Mihogo na mpunga wa mashamba yaliyokuwa hatarini haikukutwa na zebaki nyingi. Kwa hiyo mama anayeuza sangara au dagaa wa Nkome hapa Katoro asitishwe na makala hii, na asipoteze mteja hata mmoja kwa ajili yetu.

Habari mbaya inahusu madimbwi. Perege waliovuliwa kwenye madimbwi madogo yaliyo jirani na sehemu za kuchenjulia walikuwa na zebaki nyingi, kiasi kwamba watafiti walisema wazi kuwa hawafai kuliwa na binadamu. Tafakari jambo hilo. Perege si samaki mla samaki. Anakula mwani na uozo unaotua juu ya tope, na kwa kawaida samaki wa aina yake ndio wenye zebaki kidogo. Kama perege wa dimbwi amefikia hali hiyo, kambare anayekaa naye na kumla atakuwaje?

Upande wa afya nao ulipimwa mwaka 2003. Wakazi na wachimbaji 180 wa Rwamagasa walichunguzwa, na watu wa Katoro wakatumika kama kundi la kulinganishia, kwa kuwa hapa mjini hatuchenjui kama wao. Miongoni mwa wachomaji wa dhahabu, wanaoichoma ili zebaki iondoke kama mvuke, asilimia 25.3 walikutwa wameathirika na sumu ya zebaki. Katika kundi la kulinganishia hakuna aliyekutwa hivyo. Hao robo waliumizwa zaidi na mvuke wa kuchoma kuliko na samaki, na ni haki kulisema hilo. Lakini katika kaya moja baba anavuta mvuke, na mama na watoto wanakula samaki wa dimbwini. Mwili hauhesabu vyanzo.

Imeshapita miaka zaidi ya 20 tangu vipimo hivyo. Rwamagasa imekua, Katoro imekua mara nyingi zaidi, na mialo imeongezeka. Uchenjuaji wa marudio kwa sianidi umeenea mkoa mzima, na hapo pana hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Marudio ni mchanga ulioachwa na mtu wa karai. Una mabaki ya dhahabu, lakini pia una mabaki ya zebaki. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye matangi ya sianidi, sianidi haichagui. Inayeyusha dhahabu, na inayeyusha zebaki pia, na zebaki iliyoyeyuka hivyo husafiri na maji kwa wepesi kuliko ilivyokuwa imelala ndani ya mchanga.

Sasa tuuangalie mto, maana mto umefanya kazi kubwa bila malipo. Kwa nini samaki wa Nikonga walikuwa na nafuu wakati wale wa madimbwini hali ilikuwa mbaya? Watafiti walitaja sababu moja inayowezekana: chuma. Mawe ya ukanda huu yana chuma kingi. Maji yanayotoka machimboni hubeba chuma hicho, nacho hutua. Ndilo lile tope la rangi ya machungwa mnaloliona kwenye mifereji. Wengi hulichukia wakidhani ndilo sumu yenyewe. Kumbe tope hilo hunasa zebaki na kuizuia isiende mbali.

Bonde nalo linasaidia. Huku Usukumani mbuga ni ule uwanda wa udongo mweusi unaojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Maji yakiingia humo hupunguza mwendo. Nyasi, matete na mafunjo huyapangua yakatawanyika, na mchanga uliobebwa na mto unatua. Kaya zimelima majaruba ya mpunga kwenye mbuga hizo tangu zamani, na ng'ombe wamenywa maji yake. Konokono, vyura, samaki wa msimu na kamongo, samaki mwenye mapafu anayekula konokono hao, wote wana kazi katika kuyaweka maji hayo hai. Huo ni mtambo wa kusafisha maji ambao halmashauri yoyote ingelipa fedha nyingi kuujenga.

Hapa pana jambo gumu, na hatulifichi. Tope la bonde linalonasa zebaki ndilo hilo hilo ambalo bakteria wanaweza kuigeuzia zebaki ya methili. Bonde linazuia sumu isiende mbali, na linaweza kuipika papo hapo. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema asili itajisafisha yenyewe. Inajisafisha kwa kiasi, mradi isizidiwe na mradi tope lake lisivurugwe. Leo linavurugwa kila siku. Watu wanachimba upya mabonde yaleyale kutafuta marudio ya zamani. Miti ya milimani imekatwa kwa ajili ya matimba ya kuzuia maduara yasiporomoke, na kwa mkaa, hivyo mvua ikinyesha maji yanashuka kwa kishindo na kusomba kila kilichokuwa kimetulia.

Maji hayo yanakwenda wapi? Watu wengi hudhani maji yote ya Geita yanaingia Ziwa Victoria. Ya upande wa Geita mjini, ndiyo. Lakini maji ya Rwamagasa yanageukia kusini. Yanafuata Nikonga, yanaingia kwenye mabwawa ya Moyowosi, yanajiunga na Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika. Ukanda wetu uko juu ya mgongo unaogawa maji ya Nile na maji ya Kongo: ndoo moja ikimwagwa upande huu inaelekea Misri, ikimwagwa upande ule inaelekea Bahari ya Atlantiki.

Na huko yanakopita si jangwani. Ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi, ndiyo hiyo Moyowosi, iliorodheshwa mwaka 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar, ya kwanza kwa Tanzania, ikiwa na hekta 3,250,000. Humo anaishi korongo nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, anayesimama kimya kwa muda mrefu akisubiri kamongo au kambare. Malagarasi ni mto wa kale kiasi kwamba una samaki wenye ndugu zao Kongo, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu ulikuwepo kabla bonde la ufa halijafunguka na ziwa halijajaa. Mvuvi wa Uvinza, kwenye mto huohuo, hajawahi kufika Katoro, lakini anakunywa tunachomwaga.

Sheria zipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Mkataba huo unataka nchi zichukue hatua za kukomesha mambo manne: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa badala ya ule mchanga mzito pekee, kuchoma dhahabu hadharani bila kifaa cha kunasa mvuke, kuchoma katika maeneo ya makazi, na kupeleka kwenye sianidi marudio yenye zebaki kabla zebaki hiyo haijaondolewa. Anayeifahamu Rwamagasa atajijibu mwenyewe ni mangapi kati ya hayo manne yamekwisha.

Hatusemi machimbo yafungwe. Anayesema hivyo hajawahi kumwona mama lishe wa mwaloni anayesomesha watoto watatu kwa sahani za wali, wala fundi wa karasha aliyejenga nyumba ya bati kijijini kwao. Mchimbaji mdogo hatumii zebaki kwa ukorofi. Anaitumia kwa sababu inapatikana, ni ya haraka, na jioni hiyohiyo anapata fedha ya chakula. Ukitaka aiache, mpe njia nyingine anayoifikia kwa miguu yake. Kituo cha mfano cha STAMICO kipo Lwamgasa penyewe, kinachenjua bila zebaki. Kituo hicho kina maana pale tu mwenye viroba vitano vya mawe atakapopokelewa sawa na mwenye lori.

Lakini hayo ni ya safari ndefu. Kuna jambo la wiki mbili ambalo halihitaji mkataba wala mfadhili.

Halmashauri ya Wilaya ya Geita iorodheshe madimbwi yote yaliyo jirani na mialo, kuanzia Rwamagasa. Watendaji wa vijiji wanayajua, na vijana wanaovua wanayajua zaidi. Wao waulizwe kwanza. Kila dimbwi livuliwe samaki wachache, perege na kambare, wawekwe kwenye barafu na kupelekwa Mwanza, ambako Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa, na ambako Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ina watu wanaojua samaki hawa kwa jina na kwa tabia. Sampuli za tope zichukuliwe pia. Matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, yasibaki kwenye faili.

Fedha ipo. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe Machi 2019, dhahabu inayouzwa sokoni hukatwa ushuru wa huduma, ambao ni wa halmashauri. Huo ni ushuru unaotokana na mawe yaleyale yaliyochafua madimbwi haya. Tunataka sehemu yake itengwe kila mwaka kwa ajili ya kupima maji na samaki wa machimboni, na kwa kununua vifaa vya kunasa mvuke viazimwe mwaloni kama jembe la kijiji. Madiwani wa kata zetu wakubali au wakatae hadharani, ili tujue nani kasema nini.

Dimbwi litakalokutwa salama liachwe na matete yake, na lilindwe. Ni chakula cha watu na nyumba ya viumbe. Litakalokutwa na zebaki liwekewe uzio wa miti na kibao chenye picha ya samaki aliyepigwa alama ya X, maana wavuvi wengi wa hapo ni watoto na wengine hawajajua kusoma. Lisifukuliwe kwa pupa. Kuchota tope hilo na kulitupa bondeni ni kuisambaza sumu iliyokuwa imelala. Na mashimo mapya ya kuoshea yachimbwe mbali na mkondo, yajengewe kingo za udongo ulioshindiliwa, ili yasifurike mvua kubwa ikija.

Walimu wa shule za msingi wana nafasi yao. Watoto wa Rwamagasa wanajua sehemu za ua kwa majina. Wajue pia ni dimbwi lipi la kuvua na lipi la kupita mbali. Wahudumu wa kliniki ya wajawazito, mnapomshauri mama ale samaki, na mfanye hivyo kwa kuwa samaki ni chakula bora, mwulizeni samaki hao wanavuliwa wapi. Akijibu ziwani, mwambieni ale. Akijibu mwaloni, mwulizeni mwalo upi.

Vuli haiko mbali. Kwa sasa madimbwi yamepungua, kila moja liko peke yake na kingo zake zinaonekana, na mtu anaweza kuyazunguka yote kwa pikipiki ndani ya siku chache. Mvua zikianza yatafurika yaungane na mifereji, perege wa dimbwi moja wataingia kwenye majaruba ya mpunga na kwenye mkondo wa Nikonga, na hapo hakuna atakayeweza kusema samaki yupi ametoka wapi.